Dekalaje: si kila anayerudi Lubumbashi anahitaji jua la asubuhi

Mwanafunzi akirudi kutoka likizo ya Noeli na Bonane akiwa na dekalaje, yaani saa ya mwili bado inafuata saa za kule alikotoka, nyumbani atapewa ushauri uleule: amka mapema, toka juani, mwili utazoea. Kwa aliyetoka Guangzhou hauna ubaya. Kwa aliyetoka Montréal, jua hilo la asubuhi linaweza kumzidishia taabu.

Kwanza hesabu saa. Kati ya Brussels na Lubumbashi, mwezi wa Januari, tofauti ni saa moja tu. Hiyo si dekalaje, ni uchovu wa safari. Lala usiku mmoja vizuri. Dubai ni saa mbili, nayo haisumbui sana. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa sita, na Montréal, wakati wa baridi kule, iko nyuma kwa saa saba. Hapo ndipo kazi ilipo.

Joto la mwili hushuka chini kabisa kama saa mbili au tatu kabla ya muda uliozoea kuamka. Mwanga ukikupata kabla ya hapo, saa ya mwili inachelewa. Ukikupata baada ya hapo, inawahi. Aliyezoea kuamka saa moja asubuhi Montréal, joto lake linafika chini kabisa saa tano hadi saa sita mchana wa Lubumbashi. Jua la saa mbili asubuhi, mwili wake unalihesabu kama taa iliyowashwa saa saba usiku. Ndiyo maana anajitahidi siku nne, na bado anakodoa macho hadi alfajiri.

Basi siku ya kwanza akae ndani, pazia limefungwa, mpaka kama saa saba mchana. Kisha atoke nje kwa muda wa saa moja au mbili. Kesho yake atoke saa sita, keshokutwa saa tano, hivyo hivyo akirudisha nyuma kwa saa moja kila siku. Mawingu ya mvua yasimzuie: mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, unaipita mbali taa ya chumbani. Kama masomo ya Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, yameanza na lazima atoke asubuhi, avae miwani ya jua na kofia pana. Ila ni afadhali kurudi wiki moja kabla ya masomo, maana kuelekea mashariki mwili husogea kama saa moja tu kwa siku.

Aliyetoka China ana taabu ya kinyume: saa moja jioni anasinzia juu ya sahani ya bukari, saa nane usiku yuko macho. Akae nje kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua lichwe, awashe taa zote, ajilazimishe kufika saa tatu usiku. Akizinduka usiku wa manane asishike simu, maana mwanga wa saa hizo unamrudisha China. Umeme ukiwa umekatika, kwa mara moja kukatika huko kuna faida. Huyu atapona haraka zaidi, kwa kuwa saa ya mwili kwa watu wengi inazidi kidogo saa 24, hivyo kuchelewa ni rahisi kuliko kuwahi.

Usingizi wa mchana uwe dakika 20 hadi 30, kengele ikiwa imewekwa, na kabla ya saa tisa. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa nane mchana, kwa sababu muda wa saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini.

Jambo moja watu wanalichanganya na dekalaje: homa. Dekalaje huleta kichwa kizito, tumbo kuvurugika na usahaulifu, lakini haipandishi joto. Ukihisi baridi ya kutetemeka au homa, hasa kama umelala bila chandarua tangu urudi au ulipita mahali penye malaria, nenda ukapime damu siku hiyohiyo.