Chupa ya maji ndiyo iliyonionyesha kosa la ujazo wa ini

Napima ujazo wa ini kwa picha za CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Ini la kwanza nililolipima lilitoka mililita 2,900. Mwenye picha alikuwa mtu mwembamba asiye na dalili yoyote, na ini la mtu mzima kwa kawaida huwa karibu na mililita 1,500. La pili likatoka 3,100, na la tatu nalo likawa hukohuko.

Nikashauriwa nichore upya mpaka wa ini kwenye picha. Nilichora upya siku mbili nzima, namba haikusogea. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana mpaka wa ini ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nikaamua kupima kitu ambacho jibu lake nalijua. Nilipima maji mililita 1,000 kwa silinda ya maabara, nikayatia kwenye chupa ya plastiki, nikailaza juu ya sponji ili isishikane na meza ya mashine, tukaipiga CT kwa mipangilio ileile ya tumbo. Kwenye 3D Slicer, programu ninayopimia, niliweka kizingiti cha −500 HU (HU ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia eksirei), katikati ya hewa (−1,000) na maji (0), ili vokseli, yaani vijichembe vya ujazo vinavyounda picha, za ukingoni zisiegemee upande mmoja. Nikachukua idadi ya vokseli, nikaizidisha kwa ujazo wa vokseli moja kwenye jedwali langu. Lita mbili!

Nikafungua taarifa za DICOM, yaani maelezo ya mipangilio yanayohifadhiwa ndani ya faili la picha. Unene wa kipande ulikuwa milimita 5, lakini vipande vilipangwa kila milimita 2.5, vikilaliana nusu kwa nusu. Nilikuwa nimezidisha 0.7 × 0.7 × 5, nikapata milimita 2.45 za ujazo kwa kila vokseli badala ya 1.225. Tangu siku hiyo namba ya unene siigusi kabisa. Natumia umbali kati ya kipande na kinachofuata. Programu yenyewe hufanya hivyo, jedwali langu ndilo lililopotoka. Ini la kwanza likashuka hadi 1,450, nikalala usingizi mzuri.

Kwenye uchoraji, waliosema "weka kizingiti, futa kinachozidi" walinipotezea muda. Kwa picha zisizo na dawa ya kontrasti, ini, bandama na misuli ya mbavu vina HU zinazokaribiana, basi rangi ambayo programu hupaka ini huvuja hadi kwenye moyo. Mimi napanda mbegu: rangi moja ndani ya ini, nyingine kwa majirani, kwenye vipande vichache tu, kisha naiachia programu ikuze. Pale ini linapogusana na moyo, mbegu za moyo nazibana kama uzio. Mfuko wa nyongo siuhesabu. Amua hilo kabla ya faili la kwanza na uliandike.

Wiki moja baadaye nilirudia mafaili matano bila kutazama majibu ya awali. Tofauti kubwa kabisa ilikuwa asilimia 2, na ninajivunia hiyo. Sasa ini moja hunichukua kama dakika 20. Chupa ipo kabatini, na mipangilio ya mashine ikibadilishwa, yenyewe ndiyo inayopigwa picha kwanza.