Siku moja maishani mwangu: mkutubi wa chuo cha Biblia, Njombe

Saa 12:00 asubuhi

Baridi ya Njombe mwezi wa Juni haina utani. Kabla hata ya uji naangalia laptopu niliyoiacha ikipakua usiku kucha, maana bando la usiku ni nafuu na mtandao unakuwa hauna msongamano. Kilichokuwa kinashuka ni STEP Bible, programu ya kujifunzia Biblia, toleo la kuweka kwenye kompyuta, kazi ya watafiti wa Tyndale House kule Cambridge, Uingereza. Ni ya bure, na ukishaiweka huhitaji tena intaneti. Imeshuka yote. Naweza kunywa uji wangu kwa amani.

Saa 2:00 asubuhi

Nafungua maktaba. Vitabu vya karatasi tunavyo, vingi ni urithi wa wamisionari, na rafu nzima ni ya Kijerumani ambacho hapa hakuna anayekisoma. Kompyuta ni chache na zimechoka, zote za Windows. Humo kuna e-Sword, ambayo Mmarekani Rick Meyers amekuwa akiitoa bure kwa watumiaji wa Windows tangu mwaka 2000. Sura yake ni ya kizamani, lakini inafunguka haraka kwenye mashine ambazo programu mpya zingezilaza chini.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakija huuliza programu gani ni bora. Mimi huwauliza: utakuwa wapi ukiitumia? Anayekwenda mazoezini kijijini ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, hana haja ya kitu kinachoishi mtandaoni. Kwa simu za Android nawaelekeza AndBible, ambayo ni ya bure na haina matangazo ya biashara. Unapakua Biblia, kamusi na fafanuzi ukiwa hapa chuoni, kisha unaondoka nazo. Wengine wanapenda MySword, na siwakatazi. YouVersion wengi wanayo tayari, na kwa kusoma Kiswahili ni nzuri sana: Union Version, Habari Njema na Neno zote zimo. Ila ni programu ya kusomea. Ukitaka kuchimba asili ya andiko, utaishia mlangoni.

Saa 4:00, chai

Amekuja mchungaji mmoja kutoka pembezoni mwa wilaya, laptopu kaifunga ndani ya begi la plastiki kwa ajili ya vumbi.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, Mwalimu. Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

Anakata andazi, halafu anasogea karibu. "Kuna kijana stendi ananiambia ataniwekea Logos yote, vitabu maelfu, kwa elfu ishirini tu. Nimeona nikuulize kwanza."

"Mchungaji, na amri ya saba, 'Usiibe', tutaipeleka wapi?"

Kacheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Lakini swali lake si la kuchekewa. Logos, programu ya Biblia iliyoanza Marekani mwaka 1992, ni kazi kubwa, sibishi: vitabu vyake vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, unagusa aya moja fafanuzi zote zinafunguka hapo hapo. Tangu 2024 wameelekea zaidi kwenye malipo ya kila mwezi, kwa dola. Mchungaji anayelipwa kwa sadaka ya mahindi na kuku, dola ya kila mwezi ataitoa wapi? Kwa hiyo kijana wa stendi anapata wateja. Anachouza ni nakala iliyovunjwa kufuli, isiyoweza kusasishwa, na mara nyingi imebeba virusi vinavyokula hata hati za ubatizo ulizohifadhi humo.

Nikamwonyesha kwamba Logos wenyewe wana toleo la bure, dogo lakini halali. Kisha nikamwekea theWord, programu nyingine ya bure, kwenye flashi. Hii naipendea jambo moja: inaweza kukaa kwenye flashi na kufanya kazi kutoka humo humo. Laptopu ikifa, mchungaji anachomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari ya kijijini na kuendelea na hubiri lake pale alipoishia.

Akauliza kama ya kulipia si ndiyo ya kudumu. Nikamtolea kabatini diski ya BibleWorks tuliyoachiwa na mmisionari. Ilikuwa ghali, na wasomi wa Kiebrania na Kigiriki waliitegemea mno. Kampuni yake ilifunga shughuli Juni 2018. Diski bado tunayo na kwenye kompyuta moja bado inafunguka, lakini ikigoma siku moja hakuna pa kupiga simu.

Saa 5:30

Kipindi changu pekee cha darasani leo. Zaburi ya 51.

Nawaambia nusu ya darasa wafungue mstari wa 10 katika Union Version: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Nusu nyingine wafungue mstari wa 10 katika Biblia ya Kiebrania. Zogo. Hawa wana moyo safi, wale wana furaha na shangwe na mifupa iliyopondwa. Mmoja kapaza sauti kwamba programu imeharibika. Haijaharibika. Kiebrania kinahesabu kichwa cha zaburi, habari ya Nathani kumwendea Daudi, kuwa mistari miwili ya kwanza, kwa hiyo moyo safi unaangukia mstari wa 12. Programu nyingine hulinganisha zenyewe kimyakimya, nyingine hazilinganishi, na asiyejua hilo atanukuu mstari usio wake akiwa madhabahuni.

Kisha namba za Strong. James Strong alichapisha itifaki yake, yaani faharasa ya maneno ya Biblia, mwaka 1890, akilipa kila neno la Kiebrania na la Kigiriki namba. "Uniumbie" ni namba 1254 ya Kiebrania. Itafute namba hiyo na utakutana nayo kwenye mstari wa kwanza kabisa wa Mwanzo. Darasa likatulia. Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii.

Linaloniudhi ni kwamba Strong alifanyia kazi Biblia ya King James. Katika moduli tulizo nazo hapa, yaani faili za Biblia zinazoingizwa kwenye programu, Kiswahili hakina namba. Mwanafunzi anatoka Union Version, anapita kwa Kiingereza cha mwaka 1611, ndipo anafika kwa Daudi. Mtu wa Makete kwenda Yerusalemu mpaka apitie London! STEP Bible inapunguza mzunguko huo kwa sababu unaweza kugusa Kiebrania chenyewe, ingawa maelezo mengi utakayoyakuta humo bado ni ya Kiingereza.

Saa 7:00

Ugali, maharage, parachichi.

Saa 8:30 mchana

Nasaidia kukagua insha kuhusu Warumi. Mwanafunzi mmoja, mwenye bidii kweli, kaandika ukurasa mzima wa "Matthew Henry anasema". Nikamwita.

"Henry alifariki mwaka 1714. Unajua ufafanuzi wake wa Biblia ulikuwa umefika kitabu gani?"

"Ufunuo?"

"Matendo. Kuanzia Warumi, waliomalizia ni wachungaji wenzake."

Kabaki ameduwaa, kwa sababu kwenye skrini jina ni moja tu mwanzo hadi mwisho. Hivi ndivyo programu inavyokudanganya bila kusema uongo: inapanga sauti zote kwa herufi zile zile, kana kwamba zote zimeandikwa juzi na mtu mmoja. Fafanuzi za bure ni za kale kwa sababu hakimiliki zake zimekwisha. John Gill ni Mwingereza wa karne ya 18. Albert Barnes ni Mmarekani wa karne ya 19. Wamesoma, wana hekima, lakini ukiwauliza habari ya matambiko ya mizimu au mahari, wanakutazama tu.

Nikampeleka rafuni kwenye Africa Bible Commentary ya mwaka 2006, waandishi 70, wote Waafrika, mhariri wao Tokunboh Adeyemo. Nakala yetu imechanika mgongo kwa kuazimwa. Halafu, ili asiondoke akidhani vya bure vyote ni vya Wazungu, nikamfungulia CCEL, maktaba ya mtandaoni ya maandiko ya Kikristo, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1993, nikamwonyesha Agostino, mwalimu wa kanisa la kale. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambako leo ni Algeria. Amesomwa na dunia nzima, na kumpakua hulipi senti.

Saa 10:15 jioni

Umeme umekatika. Kompyuta za mezani zimezimika, simu zimetolewa mifukoni, masomo yanaendelea.

Kwenye giza hilo mwanafunzi ananiomba nimtafutie kitabu alichotajiwa na akili mnemba. Jina la mwandishi linajulikana, kichwa cha kitabu kinavutia, mwaka upo. Kitabu hakipo. Hakijawahi kuwapo. Nimemwambia akitumie chombo hicho kunyoosha Kiingereza chake akitaka, lakini rejea alete zile alizozishika kwa mkono au kuzifungua kwa macho yake.

Saa 1:00 usiku

Umeme umerudi. Naandaa flashi za wainjilisti wanaoondoka kesho. Kila kinachoingia nakiangalia leseni. AndBible ni ya wazi, nakili upendavyo. Data za STEP zinaruhusiwa mradi utaje chanzo. Union Version ina wenyewe, vyama vya Biblia, na kuwa kwake kwenye kila simu hakuifanyi kuwa mali ya barabarani. Hiyo kila mtu ataipakua mwenyewe kwa njia halali kabla hajapanda basi. Wananiona mgumu. Mwinjilisti mmoja mzee hakujali leseni wala nini, alitaka tu kujua herufi zinakuzwaje, na kwa kweli hilo ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote.

Saa 3:20 usiku

Ujumbe kutoka kwa mchungaji wa asubuhi. Alisoma Kiebrania kidogo enzi za diploma na leo ameamua kukifufua: "Mwalimu, nahubiri Malaki 4 Jumapili. Kwenye Kiebrania sura ya 4 haipo kabisa. Flashi yako ina kasoro?"

Nikamjibu: "Haina, Mchungaji. Nenda sura ya 3, anzia mstari wa 19."