Black Mamba ya Baba na mlima wa Riat: betri ya pili

Jumapili jioni. Nimerudi sasa hivi kutoka Riat na nambari nimeziandika kwenye kiganja nisije nikazisahau. Betri ilisoma volti 39.6 nilipoanza Mamboleo, 35.1 katikati ya mlima nikiwa nimekaza aksileta hadi mwisho, 37.5 nilipofika juu na kupumzika dakika tano. Baiskeli ya mota haikuzima hata mara moja. Mwezi uliopita, mlima ule ule, ilizima mara tatu na nikaisukuma hadi juu na jasho likinitiririka.

Kwa ambaye hajafuata mradi huu wa kuitia baiskeli mota ya umeme tangu mwanzo: baiskeli ni Black Mamba ya Baba, ile aliyobebea abiria Kondele miaka ambayo boda boda ilikuwa bado ni baiskeli, kabla pikipiki hazijajaa. Niliipata ghalani ikiwa na kutu kidogo tu. Mimi nafanya kazi mjini Kisumu, nalala Kiboswa, na kati ya kazini na nyumbani kuna huo mlima wa Riat. Asubuhi ni raha, unateremka na upepo usoni. Jioni ndiyo shida.

Mota nimeiweka gurudumu la mbele, wati 350, volti 36. Baba alikubali kwa sharti moja: breki zake zisiguswe. Ni zile za fito za chuma, zinazobana rimu kwa upande wa ndani, si ubavuni. Sharti hilo lilinigharimu wiki mbili. Rimu yake ya mbele ina matundu 32 ya spoki, ya nyuma ina 40, na mota ina 36. Ningeweka gurudumu la inchi 26 la baiskeli za milimani, raba za breki zisingeifikia rimu kabisa. Mwishowe fundi wangu wa Kibuye, mzee ninayemwita Jaduong', akapata rimu ya inchi 28 yenye matundu 36 kwenye baiskeli ya mitumba kutoka Uholanzi, yenye umbo lile lile ambalo breki za fito zinataka. Spoki alizikata fupi na kuzichonga hesi upya, akazipishanisha mara moja tu, maana kitovu cha mota ni kipana na spoki zikipishana mara tatu zinaingia kwenye rimu zikiwa zimepinda.

Foki nayo ilikuwa nyembamba. Ilikuwa milimita 92 kati ya mguu na mguu, mota inataka 100. Tuliipanua polepole kwa boliti ndefu na nati mbili, robo mzunguko kila upande, huku tukipima isiende kombo. Kisha tukapanua nafasi za ekseli kwa tupa, maana ekseli ya mota ni nene kuliko ile ya zamani. Hapo Jaduong' akanishika mkono. “Omera, foki hii haijawahi kuvuta kitu tangu itengenezwe,” akasema, akanionyesha jinsi ekseli inavyotaka kujizungusha kinyume kila mota inapovuta. Ikishinda nati, inatafuna foki, inang'oa waya, na gurudumu linatoka ukiwa mwendoni. Alikata bamba la chuma la milimita 6, akalitoboa tundu lenye kingo mbili bapa linaloishika ekseli kama spana, akalifunga kwenye mguu wa foki. Upande wa pili akaweka jingine. Mtu yeyote anayeweka mota mbele asipande baiskeli hiyo kabla ya kuweka mabamba haya.

Sasa betri, ambayo ndiyo imenikalia kichwani mwezi mzima.

Betri ya kwanza niliiunda kwa seli za 18650, zile za mviringo kama betri za tochi, kutoka betri za laptopu zilizokufa, mistari 10, kila mstari seli 4. Nilizichagua kwa ujazo. Kila seli iliyoshika miliampia-saa 2,000 na zaidi niliihesabu kuwa nzima. Barabara tambarare ya Kondele ilienda vizuri sana, nikafurahi mno. Riat ikanionyesha kosa. Nilidhani umeme umeisha, lakini nikipumzika kidogo volti zilirudi juu, na nikijaribu tena inazima. Nilipopima kila mstari huku rafiki yangu akiibana breki na mota ikivuta, mistari tisa ilikuwa juu ya volti 3.2, wa saba ukaanguka hadi 2.7. Sakiti ya kulinda betri iliona huo mmoja na kuzima yote, na ilifanya kazi yake sawasawa.

Seli kuukuu inaweza kushika umeme mwingi na isiweze kuutoa kwa kasi. Kontrola yangu, kisanduku kinachoongoza umeme wa kwenda kwenye mota, inachota hadi ampia 15. Zigawe kwa seli 4, kila moja inatoa karibu 3.75, na hizi zilitengenezewa kompyuta, hazikuzoea kazi hiyo. Nilipiga hesabu ya mlima: mimi, baiskeli na begi ni kilo 108. Mwinuko ukiwa mita 6 kwa kila mita 100, mwendo wa kilomita 12 kwa saa unadai karibu wati 250 kwenye gurudumu, na mota hupoteza sehemu kwa joto, kwa hiyo betri inatoa zaidi ya 300 mfululizo.

Basi nikaivunja yote. Safari hii kila seli niliijaza hadi volti 4.2, nikaiacha wiki mbili, na iliyoshuka chini ya 4.1 nikaitoa. Zilizobaki niliziunganisha moja moja na rezista ya omu 2, ambayo inavuta ampia 2 hivi. Iliyoanguka zaidi ya volti 0.2 papo hapo nikaitoa pia, hata kama ujazo wake ulikuwa mzuri. Kati ya seli 83, za betri ile na nyingine nilizoongeza, zilipita 60. Sasa kila mstari una seli 6 na kila seli inatoa ampia 2.5 tu. Vibati vya nikeli nilivipachika kwa mashine ya kuchomelea nukta, si kwa solda, kwa sababu joto la solda linaiumiza seli. Fyuzi ya ampia 20 iko karibu kabisa na betri. Naichaji barazani, kamwe si chumbani tunakolala, na kujaza betri tupu kunakula karibu nusu uniti ya tokeni.

Mvua za jioni zimeanza, kwa hiyo waya zote nimezilegeza zining'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye kontrola, maji yadondokee hapo.

Kilichobaki ni mteremko. Mota hii haisaidii kusimama, na baiskeli imeongezeka kilo 8. Leo nikishuka raba ya mbele ilinuka. Baba amenusa mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na jozi mbili za raba alizozificha kwenye kopo la kahawa tangu enzi zake Kondele. Kesho tunazifunga.