Nondo adimu wa Essex na funza wa mahindi ya kwetu

Kwetu Muheza mtoto wa miaka minane anamjua funza wa mahindi. Unachungulia moyo wa mhindi. Ukiona vitu kama maranda ya seremala, yumo ndani. Unachota majivu, unatia, unaendelea na mstari. Sikudhani ujuzi huo ungenifaa Essex, Uingereza.

Nilijitolea kuhesabu nondo, yaani kipepeo wa usiku, aitwaye Gortyna borelii, ambaye Uingereza alijulikana mwaka 1968 tu. Yuko kwenye nyasi za pwani kuzunguka Hamford Water, ghuba ya hapo Essex, na sehemu chache za Kent, kwa sababu kiwavi wake anategemea mmea mmoja, Peucedanum officinale. Ni jamii ya shamari, wenye maua ya njano, na mingine inanipita kimo. Nondo mwenyewe huruka usiku, Septemba na Oktoba. Julai unahesabu dalili zake tu.

Siku ya kwanza nilirudi mikono mitupu, maana nilikuwa nakagua majani. Ya pili nikapiga magoti, nikatenganisha nyasi hadi shina linapozama ardhini. Maranda! Kifungu kidogo, kibichi kabisa. Kiwavi alikuwa chini anabungua mzizi. Nakiri mkono uliwasha kutafuta majivu, ila huyu analindwa na sheria, hata kumsumbua ni kosa.

Kilichonisumbua zaidi ni nyasi. Oktoba nilishika fyekeo nisafishe kuzunguka mimea, kama shamba lolote la mtu mwenye haya. Mzee niliyekuwa naye akanidaka mkono. Kumbe jike hutaga kwenye mabua ya nyasi, si kwenye shamari, na mayai hukaa humo baridi yote mpaka masika yao. Ukifyeka wakati ule umewafyeka na wao. Usipofyeka kabisa, vichaka vinaumeza mmea. Basi tunafyeka kipande mwaka huu, kingine mwakani. Kwa macho yangu bado ni shamba la mvivu.

Na bahari inapanda, mimea mingi iko chini karibu na maji. Ndiyo maana mingine imepandwa mbali na pwani, ingawa mzizi huchukua miaka kunenepa vya kumtosha kiwavi.

Mama alipopiga simu nikamsimulia.

"Mwanangu, umevuka bahari kwenda kumlinda funza?"

"Ndiyo, mama. Mwaka huu nimepata kumi na mmoja."

Akanyamaza kidogo. "Huko majivu hakuna?"