Nukta Moja Katika Kikoa cha Shangazi

Mwezi Julai 2017 baruapepe za nyumba ya wageni ya shangazi yangu zilikatika ghafla. Nyumba iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na Julai ndiyo msimu wenyewe: boti kutoka Dar zinashusha wageni asubuhi mpaka jioni, na ukichelewa kujibu barua kwa nusu siku, mgeni ameshalipia chumba kwingine. Shangazi alivumilia akidhani mwaka umekuwa mbaya. Kilichomzindua ni mama mmoja Mjerumani, mgeni wake wa siku nyingi, aliyemtumia kwa WhatsApp picha ya ujumbe uliomrudia kila alipojaribu kumwandikia.

"Mwanangu, hebu nitazamie," akaniambia. "Huyu anasema barua zake zinarudi. Zitarudi vipi, na tovuti mbona inafunguka?"

Swali hilo ndilo kiini cha shida nyingi za namna hii. Jina la biashara kwenye intaneti, yaani kikoa, ni moja, lakini nyuma yake kuna maelekezo mbalimbali yaitwayo rekodi, na kila moja lina kazi yake. Rekodi ya A inamwonyesha mtazamaji seva, yaani kompyuta, inayobeba tovuti. Rekodi ya MX inaziambia seva za barua mzigo ushushwe wapi. Ya kwanza inaweza kuwa nzima kabisa na ya pili ikawa imekufa, na mwenye biashara asijue, kwa sababu kila akifungua ukurasa wake anauona unang'aa.

Tena ulikuwa unang'aa kweli. Majuma machache nyuma fundi mmoja alikuwa ameihamishia tovuti kwenye seva mpya, akabadilisha picha, akapanga bei za vyumba upya. Kazi ya macho aliifanya vizuri. Rekodi za kikoa alizinakili kwa mkono.

Niliikuza ile picha ya Mjerumani. Ujumbe ulisema seva ya kupokelea barua haipo, na jina la seva iliyokuwa ikitafutwa lilikuwa refu mno. Badala ya kuishia kwenye .co.tz ya kwanza, jina lote la biashara lilikuwa limejirudia: mail, jina, .co.tz, kisha jina tena na .co.tz tena. Hapo moyo ulinipiga, maana dalili ile naijua. Katika faili la kikoa, jina kamili humalizwa kwa nukta. Ukiiacha nukta ya mwisho, seva inaliona jina halijakamilika na inaliongezea kikoa chote mkiani. Ni kama mchukuzi wa bandarini aelekezwe Kiponda iliyo ndani ya Kiponda nyingine. Atazunguka na mzigo wake mpaka aurudishe ulikotoka.

Uzuri wa mfumo huu wa majina ya intaneti, DNS, ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983, ni kwamba majibu yake hayafichwi. Huhitaji paswedi ya mtu kuuliza rekodi za kikoa zinasema nini. Nikafungua kompyuta, nikauliza kwa dig, amri ya kuulizia rekodi za kikoa, kupitia seva ya Google ya 8.8.8.8, halafu nikaiuliza moja kwa moja seva ya majina iliyobeba kikoa chenyewe. Zote mbili zikanipa lile jina refu. Kuuliza mara mbili hivyo kuna maana: zingetofautiana, ningejua marekebisho yameshafanyika na kilichobaki ni kusubiri majibu ya zamani yaliyohifadhiwa na seva nyingine yafutike. Kwa kuwa zililingana, kosa lilikuwa kwenye chanzo, na kusubiri kusingesaidia kitu.

Kuliona kosa kulikuwa rahisi. Kuligusa ndiko kulikotutesa. Akaunti ya kikoa ilikuwa imefunguliwa kwa baruapepe ya fundi, na fundi alikuwa safarini, simu haipatikani. Shangazi alikuwa analipia jina lile kila mwaka, kibao chake kiko mlangoni, leseni inaning'inia ukutani, lakini mlango wa kuingilia kwenye jina hilo haukuwa wake. Jambo hilo liliniuma kuliko nukta yenyewe, na bado linaniuma kila ninapolikuta kwa wafanyabiashara wengine.

Tukampigia msajili aliyeuza kikoa. Akataka barua yenye kichwa cha biashara, sahihi na muhuri, pamoja na nakala ya leseni na kitambulisho cha mmiliki. Shangazi akaandika barua palepale kwenye meza ya mapokezi kwa mwandiko wake mzuri wa skuli, akagonga muhuri, nikapiga picha na kutuma kwa baruapepe yangu. Tulisubiri, tukapiga tena, tukasubiri. Hatimaye akaunti ikahamishiwa kwenye anwani ya shangazi.

Nikaweka nukta. TTL, muda ambao seva nyingine hulishika jibu kabla ya kuuliza upya, ilikuwa sekunde 86400, yaani saa 24, nikaishusha hadi 3600. Barua yangu ya majaribio iliingia baada ya muda mfupi na shangazi akapiga makofi, lakini ya Mjerumani ikarudi tena jioni ile. Nikamweleza kwamba seva ya kule kwao bado imeshika jibu la zamani na italishika mpaka muda wake uishe. Kesho yake ikaingia.

Wapo waliokuwa wameshapata vyumba kwingine. Shangazi aliwaandikia hata hao, mmoja mmoja.

Fundi alipiga simu aliporudi. Shangazi alimshukuru kwa kurasa nzuri, akamwambia kazi ya picha za msimu ujao ni yake, ila paswedi ya kikoa sasa iko kwenye daftari lake na humo ndimo itakamokaa.