Miaka 20 nimepita Mikumi na basi, juzi ndo nikaingia ndani

Nimerudi Dar tangu Jumapili ila akili bado iko hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo naandika sasa hivi kabla haijapoa.

Mtu wa Iringa au Mbeya au Njombe ukimtajia Mikumi cha kwanza anawaza barabara. Sisi tuliokulia kule hifadhi tumeijua kwa dirisha la basi. Ukitoka Dar unapita Morogoro, unapita Doma kwenye nyanya, halafu unaona vibao vya hifadhi, kuna kile kinachotaja kila mnyama na faini yake kwa dola ukimgonga, dereva anapunguza mwendo kwa ajili ya matuta, waliolala wanaamshwa, mtu wa mbele anapiga kelele tembo tembo wale, simu zinatoka na kabla hujazumu vizuri basi limeshapita. Barabara inakata hifadhi kilomita kama 50 hivi, na mimi nimeanza kupita pale 2004 nikiwa fomu wani, likizo kwenda, likizo kurudi, msiba, harusi, Krismasi. Twiga nimeona, pundamilia nimeona, tembo siwezi kuhesabu. Kwa hiyo mtu akiniuliza ushawahi kwenda mbugani nilikuwa najibu ndiyo bila kusita.

Mwaka huu nikasema hapana, naingia, na naingia na mama.

Mama yangu kwao ni Idodi, kule njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Utotoni kwake tembo hakuwa mnyama wa kutazama, tembo alikuwa ni njaa. Mahindi yamekomaa, usiku mnasikia vijiti vinavunjika, wajomba wanatoka na madebe na moto wanapiga kelele mpaka asubuhi, na kukikucha shamba lote limelala chini. Siku nampigia simu kumwambia twende Mikumi tukaangalie wanyama alikaa kimya kidogo akaniuliza, "Mwanangu, nitoe nauli yangu nikamwangalie tembo?" Nikamwambia nauli natoa mimi, wewe njoo tu.

Mpango ukawa hivi: mimi na binti yangu wa miaka sita tunatoka Dar na treni ya SGR hadi Morogoro, 13,000 daraja la kawaida na mnafika hamjachoka, halafu tunaunga basi mpaka Mikumi mjini. Mama anatoka Iringa na basi lake asubuhi tunakutana hapo hapo Mikumi. Gari ya kuingilia mbugani tulikuwa tumeshaongea na mtu na advansi nimemtumia, jioni ile ananiambia gari imepata hitilafu, na hela yangu mpaka leo anazungushazungusha. Nililala na hasira. Mwenye gesti ndo akatutafutia kijana mwingine wa pale pale mwenye Landikruza iliyokatwa juu, na familia moja ya kutoka Dodoma waliokuwa wanalala hapo nao walikuwa hawana gari, tukachanga. Nasema kwa moyo mmoja kwamba yule kijana alikuwa bora kuliko gari tuliyoikosa.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika mlangoni. "Shikamoo mama," akampa mama mkono kumpandisha, akamweka kiti cha mbele. Mama akavaa na kitenge juu ya sweta maana Juni asubuhi pale kuna baridi, watu wanadhani Mikumi ni joto tu.

Getini siku ile Mtanzania mtu mzima alilipa 5,900 pamoja na kodi. Narudia tena, elfu tano mia tisa. Gari ina ada yake pembeni na ya dereva mnaelewana, na hela taslimu hawapokei, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au kadi. Mtoto chini ya miaka mitano anaingia bure. Miaka yote nilikuwa najua mbuga ni ya watu wenye dola, na kweli mgeni wa nje analipa kwa dola tena nyingi, ila sisi kiingilio chetu ni hela ya soda chache na kinachotushinda ni gari, na gari mkichanga watu sita saba inawezekana.

Sasa nisikilizeni hapa.

Tumeingia, tumekata kuelekea uwanda wa Mkata, jua linachomoza upande wa milima ya Uluguru, nyasi zote za dhahabu, na mbele yetu pale kama mita 30 kuna kundi la tembo. Nikainua simu kama nilivyozoea. Kijana akazima gari.

Hicho ndicho sikuwahi kukipata kwenye basi miaka 20. Gari lilivyozimika nikaanza kuwasikia. Unasikia nyasi zinang'oka, anazungushia mkonga anang'oa praa, anazikung'uta mguuni kutoa udongo, anatia mdomoni, unasikia anavyotafuna. Masikio yanapiga kama mtu anakunja turubai. Halafu kuna mngurumo fulani wa chini sana, mimi nilidhani ni lori liko mbali huko barabarani, kijana akasema hapana wanaongea hao. Na harufu, sijui niielezeje, majani yaliyopondwa na zizi kwa pamoja. Niliishusha simu. Sina picha nzuri hata moja ya wale tembo na sijali.

"Mama, ukizima gari wanakusahau," kijana akamwambia mama kwa sauti ya chini. Mama hakujibu. Walikuwa saba, sita wakubwa na mmoja mdogo anapita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama. Kijana akatuonyesha jike kubwa lenye pembe moja iliyovunjika ncha, akasema huyo ndo kiongozi, dume likishakua linaondoka kwenye kundi, wanaobaki ni bibi, mabinti na wajukuu. Binti yangu akamwangalia bibi yake akaniangalia mimi, akacheka. Mama akauliza mimba ya tembo inakaa muda gani, akaambiwa miezi 22. "Ishirini na miwili," mama akarudia, halafu akahesabu kwa vidole kama anahakikisha hajadanganywa.

Baadaye sana, tumeshaondoka pale, ndo akasema kitu bila mtu kumuuliza, "Mimi tembo nimemjua usiku tu."

Nimekaa na hiyo sentensi wiki nzima. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimemjua kwa kioo cha basi tu. Na nafikiria kuna miaka tulikaribia kuwakosa kabisa, tembo Tanzania walikuwa zaidi ya laki moja mwaka 2009, hesabu ya 2014 ikakuta wamebaki kama 43,000, na sehemu kubwa ya waliouawa kwa ajili ya pembe walikuwa huku huku kwetu kusini, Selous, ambayo ilipakana na Mikumi na sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Yule bibi mwenye pembe iliyovunjika miaka ile alikuwa hai anakimbia na wanawe. Mimi nilikuwa chuo, napita na basi, nalala njia nzima.

Bwawa la Viboko lipo karibu na geti na ni moja ya sehemu chache unaruhusiwa kushuka kwenye gari. Viboko mchana wako majini maana ngozi yao haivumilii jua, usiku ndo wanatoka kula majani, kwa hiyo unaona migongo na masikio tu, mara mmoja anapiga miayo mnashtuka wote. Mamba wapo pia, msiache watoto wakasogea. Tulikula hapo, mama alikuwa amebeba viazi vya kuchemsha na kuku kutoka Iringa kwenye hotipoti, tukagawana na ile familia ya Dodoma na dereva wetu.

Palikuwa na mama mmoja mzungu, mtu mzima wa umri wa mama yangu kabisa, kakaa peke yake kwenye benchi na darubini na kidaftari. Sisi wote tumeshauliza simba wako wapi, yeye wala, alikuwa anaandika ndege. Ukurasa mzima majina na alama ya tiki. Akamwonyesha mama yangu darubini kwa ishara, mama akatazama, akasema huyo ni hondohondo, huyo kanga, huyu akilia kwetu tunajua mvua imekaribia, dereva akawa anatafsiri na yule mama anaandika kila kitu. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila walikaa pale karibu nusu saa. Mimi nilisimama pembeni nikagundua mama yangu anajua mambo ambayo hajawahi kuniambia kwa sababu sijawahi kumpeleka sehemu ya kuyasemea.

Simba tuliwaona, ndiyo. Majike wawili wamelala chini ya mti na magari sita yamewazunguka, kila mtu amesimama juu ya kiti. Nilifurahi, binti yangu alifurahi zaidi, ila kusema ukweli simba aliyelala ni simba aliyelala, dakika kumi zinatosha. Ninachokikumbuka zaidi ni twiga anakunywa maji. Anatanua miguu ya mbele kidogo kidogo, anatazama, anarudisha, anatanua tena, karibu dakika tano anajishauri tu, kwa sababu akishainama vile hawezi kukimbia haraka. Mnyama wa taifa letu, tumemchora kila mahali, na sikuwahi kujua kunywa maji kwake ni kazi ya hatari namna ile. Hiyo ukipita na gari spidi 60 huioni. Ndiyo maana nawasihi mnaokwenda, msimlazimishe dereva akimbizane na simba kutwa nzima. Chagueni sehemu mbili tatu mzime gari. Nendeni kiangazi kuanzia Juni mpaka Oktoba, masika ule udongo mweusi wa Mkata unakamata gari na njia nyingine hazipitiki. Na msivae nyeusi wala bluu iliyokoza, mbung'o wanazifuata rangi hizo, yule baba wa Dodoma alivaa suruali mpya ya jinzi na alijikuna mpaka jioni.

Kuna kitu kimoja kimeniuma. Ukiwa ndani unaisikia barabara. Upepo ukigeuka unasikia malori yale ya kwenda Zambia na Kongo yanavyobadilisha gia. Na karibu na lami tulikuta nyani wamekaa pembeni wanangoja, kijana akatuambia wanangoja mabasi, kwa sababu abiria wanatupa maganda ya ndizi na mahindi na mabaki ya chipsi dirishani, nyani wanakimbilia katikati ya barabara na gari la nyuma linawapitia. Nimeshawahi kutupa. Nilikuwa mtoto nikaona natoa msaada. Tafadhali sana wote mnaopita njia ile, chakula chenu kaeni nacho mpaka stendi, na muwaambie na wa siti ya jirani.

Jioni tunatoka kurudi mjini, jua linazama, tukawakuta tembo wengine wamesimama upande wa kusini wa barabara, wanataka kuvuka. Walikuwa na mtoto, mdogo kuliko yule wa asubuhi. Kijana akasimamisha gari pembeni akawasha taa za hazadi na kutoa mkono kuashiria magari yapunguze. Basi moja likasimama. Pikapu ikasimama. Jike la mbele likashuka mguu mmoja kwenye lami, na lori likatokea upande wa pili likapiga honi ndefu, wakarudi wote nyuma, masikio yametanuka, mtoto katikati ya miguu yao. Wakajaribu tena, honi tena. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili anasema "wapisheni, wapisheni jamani," huyo huyo mama ambaye wajomba zake walikesha na madebe. Giza likawa linaingia, kijana akasema samahani mama hatuwezi kukaa hapa usiku, tukaondoka wao bado wamesimama.

Asubuhi mama akapanda basi la Iringa, na mimi na binti tukapanda la Dar. Niliomba siti ya dirishani mbele.

Usiku mama akanipigia kusema amefika salama na amewapelekea majirani habari zote, halafu akauliza, "Hivi wale walivuka?"

Nikamwambia pale tulipowaacha hawakuwepo. Ila basi lilipunguza kwenye tuta nikachungulia, na kulikuwa na kinyesi cha tembo katikati ya lami, kimekanyagwa na matairi, na kingine kwenye nyasi za upande wa kaskazini, bado kibichi.