Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Nyigu wa Vidung'ata, Wiki ya Tano

Jumamosi nilichuma majani tisa ya mihogo shambani kwetu Chanika, yote yakiwa na vidung'ata, yaani wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, vilivyokauka na kugeuka kahawia kwa sababu nyigu wachanga walikuwa wakikulia ndani yake. Niliyatia katika chupa ya kioo iliyofungwa kitambaa mdomoni, na kufikia Jumanne asubuhi nyigu wanne walikuwa wamekwisha kuvitoboa vidung'ata hivyo vikavu na kutoka. Hakuna aliyezidi milimita mbili. Chini ya hadubini nilianza na mguu wa kati, kwa sababu nyigu wa familia ya Encyrtidae wana mwiba mnene mwishoni mwa muundi wa mguu huo, unaohusiana na uwezo wao wa kuruka kwa kujirusha. Mwiba ulikuwepo, dhahiri kabisa.

Ugumu ulikuja kwenye jina. Nyigu mashuhuri wa vidung'ata vya mihogo, aliyetolewa Amerika ya Kusini na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, anaitwa katika maandishi mbalimbali Epidinocarsis lopezi, Apoanagyrus lopezi na Anagyrus lopezi, naye ni mdudu yuleyule. Jenasi, yaani sehemu ya kwanza ya jina, ni hukumu ya wataalamu kuhusu undugu, na hukumu hiyo hurekebishwa, ilhali sehemu ya pili, lopezi, haijaguswa. Ndiyo maana jina la De Santis, mtaalamu aliyemtambulisha nyigu huyu mwaka 1964, sasa huwekwa ndani ya mabano, kumjulisha msomaji kwamba spishi imehamishwa kutoka jenasi iliyowekwa mwanzoni. Naona utaratibu huu ni wa heshima na wa manufaa makubwa.

Kutenganisha spishi kuna uzito wake shambani. Watafiti waliokuwa wakimsaka adui wa kidung'ata huyu walikusanya kwanza nyigu wa kidung'ata mwingine aliyefanana naye, lakini hawakufaa, kwani yule ni Phenacoccus herreni, wa manjano na mwenye madume, ilhali anayeshambulia mihogo yetu, Phenacoccus manihoti, ni wa waridi na huzaa bila dume. Huyo wa pili alipatikana Paraguai mwaka 1981.

Nyigu wa wiki iliyopita nimewaondoa kwenye mkusanyo, kwa kuwa chupa yao haikuandikwa tarehe. Hawa wanne nimewabandika kwenye vikadi, na lebo inasema: Encyrtidae, Chanika, kutoka kidung'ata wa waridi wa mihogo. Jina la spishi nitaliandika nikishamaliza kulinganisha vipapasio vya kichwani vya majike.